Nomino na Mkia Wake

Mnunuzi mzoefu wa karafuu hadanganyiki na za juu ya gunia. Hutia mkono mpaka chini, akatoa konzi moja, akatafuta makonyo, vile vijiti vinavyobeba karafuu. Barua ya Kiingereza nami huisoma hivyo. Hapa mtaani Tibirinzi vijana huniletea maombi yao ya kazi niyapitie, na jicho langu huanzia kwenye kihusishi kinachofuata nomino. Maneno mazito yeyote atayachota kwenye kamusi.

Kosa letu lina asili yake. Kwetu ni sababu ya, suluhisho la, uhitaji wa: -a unganifu ni ile ile, inabadili nguo tu kwa kufuata ngeli. Basi mkono unazoea kuandika "of" kila pahala: "reason of", "solution of", "demand of cloves". Kiingereza hakina ngeli, lakini nomino zake nyingi zimeshaozeshwa: "reason for", "solution to", "demand for". Ndoa hizi hukaririwa. Kamusi ya A. S. Hornby, iliyotoka kwanza Tokyo mwaka 1942, ilitungwa na mwalimu aliyewafundisha Wajapani, na toleo lake la leo huonyesha kihusishi cha nomino papo hapo.

Pagumu zaidi ni pale nomino inapofanana na kitenzi. "I request for leave" nimeiona hata kwenye barua zenye mhuri. Kitenzi "request" hakitaki mkia, yaani kihusishi: "I request leave". Mkia ni wa nomino: "my request for leave". "Demand" nayo ni vivyo hivyo.

Fundi hasa namjua kwa kipande kama hiki: "an increase of 5 per cent in the price of cloves". "Of" ya kwanza imebeba kiasi, "in" imebeba kilichopanda, na "of" ya mwisho ni kama -a yetu katika "bei ya karafuu". Aliyezipanga hivyo bila kusita, simgusii barua yake.

Halafu kuna "the". "In charge of" ni msimamizi. "In the charge of" ni msimamiwa. Kijana mmoja aliyewahi kusimamia ghala aliandika "I was in the charge of the store", yaani ghala ndilo lililokuwa likimsimamia yeye. Nilicheka peke yangu, nikaifuta ile "the" kwa kalamu ya risasi, nikamrudishia.