Mataruma ya Kizazi Moto

Tarehe 5 Julai 2023 mfululizo wa Kizazi Moto ulitoka kwenye Disney+. Ni filamu fupi kumi za katuni, kila moja ya dakika kumi hivi, zinazowaza Afrika ya wakati ujao. Waongozaji wake wanatoka Misri, Nigeria, Zimbabwe, Afrika Kusini, Uganda na Kenya. Mtu anaweza kuzimaliza zote jioni moja. Kuzitengeneza kulichukua miaka, na kazi ndefu ilifanyika kabla mhusika hata mmoja hajapiga hatua. Hiyo ndiyo kazi inayonivuta.

Kampuni iliyoisimamia ni Triggerfish ya Cape Town, iliyokwisha kutoa Adventures in Zambezia na Khumba. Iliwaalika wasanii zaidi ya 70 kuleta mawazo, ikachagua 15 ya kuendelezwa, na mwishowe zikabaki hadithi kumi. Mtayarishaji mkuu alikuwa Peter Ramsey, Mmarekani aliyeshiriki kuongoza Spider-Man: Into the Spider-Verse ya 2018. Filamu hiyo ilikaribisha mitindo mbalimbali ya uchoraji ndani ya hadithi moja, na naona chaguo lilikuwa la busara: aliyekwisha kufanya hivyo hatawalazimisha waongozaji wa nchi sita wachore uso wa aina moja.

Kwetu Kigoma, filamu ya kutazama kwa utulivu ni Herderboy ya Raymond Malinga wa Kampala. Studio yake, Creatures, ndiyo iliyotengeneza A Kalabanda Ate My Homework, katuni fupi inayomtumia Kalabanda, yule zimwi wa hadithi za wanafunzi wa Uganda. Safari hii amekwenda pembezoni mwa ufalme wa Wachwezi, ambako wachungaji walio nusu watu nusu mashine wanalinda ng'ombe dhidi ya viumbe vya kiroho vyenye kiu ya damu. Mvulana anayetamani kuwa mchungaji anaitwa Ndahura, na jina hilo masimulizi ya Bunyoro-Kitara yanalitaja miongoni mwa wafalme wa Wachwezi. Habari zao hazikuishia Uganda. Panda treni hapa Kigoma, shuka Tabora, uulize wazee kuhusu Waswezi wa Unyamwezi, na utasikia jina la Wachwezi likiishi katika ngoma na matambiko. Malinga hakuhitaji kubuni miungu mipya ya kupeleka karne zijazo.

Lakini wazo zuri halitembei lenyewe. Fikiria ng'ombe wa pembe ndefu, wale wanaofahamika hata huku Buha. Akigeuza kichwa, pembe zinafagia nafasi kubwa kuliko mwili wake. Mwongozaji anapaswa kujua mapema mchungaji atasimama umbali gani, na kundi zima litapitaje njia nyembamba bila pembe kupenya ndani ya ubavu wa jirani, maana kwenye kompyuta hakuna kitu kigumu mpaka mtu aamue kiwe kigumu. Halafu huyo mchungaji ana kiungo cha chuma. Je, kina uzito kiasi gani? Kikiwa kizito, bega litalala upande mmoja, hatua zitabadilika, hata kuketi kwake kutakuwa kwingine. Mtazamaji hatauliza swali hilo, ila lisipojibiwa atahisi kuna uongo mahali fulani.

Kwa hiyo kila mhusika huchorwa kwanza akiwa amesimama tu, kwa mbele, ubavuni na kwa nyuma. Katuni ikiwa ya kompyuta, mwili hujengwa kutokana na michoro hiyo, kisha fundi huuwekea mifupa: huu wa kiwiko ukunje hadi hapa, huu wa shingo uvute ngozi ya bega kidogo. Nikitazama mafundi wa boti hapa Bangwe naielewa kazi hiyo vizuri zaidi. Huanza na mkuku, yakafuata mataruma, ndipo mbao zikapigiliwa. Boti ikishapakwa rangi na kuandikwa jina, hakuna abiria anayeyasifu mataruma, ingawa siku ya mawimbi ndiyo yanayoibeba.

Sambamba na hayo hadithi nzima huchorwa kwa penseli, tukio kwa tukio, kisha michoro hupangwa kwa muda wake halisi na kuwekewa sauti za kujaribia. Inakuwa filamu mbichi. Hapa ndipo ujasiri unapotakiwa. Kuondoa sekunde tano kwenye michoro hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Kuziondoa baada ya miili kuhuishwa na mwanga kuwekwa ni kutupa jasho la watu wengi. Sinema hupita kwa picha 24 kila sekunde, hivyo dakika kumi zinadai picha 14,400. Ndiyo maana sauti za waigizaji hurekodiwa mapema, ili mdomo ufuate pumzi ya mtu halisi.

Ng'endo Mukii wa Kenya, aliyeongoza Enkai, alifika na uzoefu wa namna nyingine. Katika Yellow Fever ya 2012 alichanganya miili halisi ya wachezaji na michoro ili kuzungumzia ngozi na urembo wa Mwafrika. Katika Enkai amechagua jambo dogo kabisa kwa hadithi yenye ukubwa huo: binti wa kimungu anayetaka muda wa kukaa na mama yake, ambaye kazi yake ni kuumba. Teknolojia yote ya hadithi ile inainama mbele ya hamu ya mtoto.

Mikono ya kazi hii ilianza kukomaa zamani kidogo. Tinga Tinga Tales, iliyotokana na mtindo wa mchoraji wetu Edward Saidi Tingatinga, ilihuishwa Nairobi na kurushwa kuanzia 2010. Dar es Salaam ikafuata na Ubongo Kids mwaka 2014. Hizo si hadithi za kisayansi za kubuni, lakini zilionyesha kwamba vijana wa Afrika Mashariki wanaweza kukaa na picha moja mpaka ikubali.

Yale mawazo matano yaliyofika hatua ya 15 na kuachwa nje ya kumi huenda yalikwisha kuchorewa watu na nchi zao. Kama Triggerfish wataiweka michoro hiyo mezani siku moja, nitafunga safari ndefu kwenda kuitazama, ukurasa kwa ukurasa.