Sentimita 15 Kutoka Mdomoni

Mfumo wa redio wa kumsaidia mtoto mwenye usikivu hafifu darasani ni vitu viwili vidogo. Kimoja ni maikrofoni yenye kirushaji cha redio, nayo huvaliwa na mwalimu kifuani. Cha pili ni kipokeaji kinachochomekwa kwenye shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, ya mtoto, au kinachofikisha sauti kwa njia ya kitanzi cha waya kinachovaliwa shingoni. Mwalimu anasema akiwa mbele ya darasa, mtoto aliyeketi nyuma anasikia kana kwamba ameinamiwa sikioni. Kwa anayeuza vifaa, maelezo yanaishia hapo. Kwa mwalimu wa elimu maalumu, hapo ndipo kazi inapoanza.

Nimemtazama mwalimu mmoja akiifanya kazi hiyo katika kitengo cha wanafunzi viziwi na wenye usikivu hafifu, ndani ya shule ya msingi ya kawaida huku pwani ya Tanzania. Namheshimu kama ninavyomheshimu seremala anayejua ni wapi aache kuranda, kwa maana sehemu kubwa ya ustadi wake ni kujizuia. Mtu asiyeijua kazi hii akiambiwa mtoto hasikii, mkono wake wa kwanza huenda kwenye kitufe cha kuongeza sauti. Mkono wa mwalimu huyu hauendi huko. Huanza kwa kutafuta ni wapi njiani sauti imeharibika.

Adui mkubwa ni umbali. Sauti inayotoka mdomoni hupungua desibeli 6 kila umbali unapokuwa maradufu, ilhali kelele za darasa hazipungui, kwa sababu zimemzunguka mtoto pande zote: madawati yanayoburutwa, darasa la jirani linalokariri jedwali, feni, mvua juu ya bati. Shimesikio peke yake haina namna ya kujua kipi ni somo na kipi ni dawati. Ukiiongezea nguvu, vyote viwili vinakua. Wataalamu wanataka sauti ya mwalimu iizidi kelele kwa desibeli 15 hivi ili mtoto mwenye upungufu wa usikivu afuate somo, na madarasa mengi hayakaribii hapo. Maikrofoni iliyokaa sentimita 15 hadi 20 chini ya mdomo huichukua sauti ingali nzima, kisha redio ikaivusha chumba kizima bila kuipitisha katikati ya zile kelele.

Kwa mtoto anayejifunza kwa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee. Fikiria “mgeni atakuja” na “mgeni hatakuja”. Kinachozitenganisha ni pumzi moja, ile h ya mwanzo, ambayo ni miongoni mwa sauti dhaifu kabisa tunazozitoa. Mtoto aliyeshika irabu peke yake atalijua umbo la sentensi, tena atalirudia vizuri, lakini hatajua kama mgeni ategemewe au asitegemewe. Vivyo hivyo “suka” na “shuka”. Lugha yetu imeyaweka mambo mazito kwenye silabi fupi za mwanzo wa neno: nani anatenda, lini, na kama ametenda au hakutenda. Silabi hizo ndizo zinazomezwa kwanza na chumba chenye mwangwi. Ndiyo maana mwalimu huyu hapigi kelele. Mtu anayepaza sauti huzirefusha irabu na kuziacha konsonanti zilivyokuwa, na konsonanti ndizo anazozihitaji mtoto.

Kila asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, anawaita watoto mmoja mmoja na kutamka sauti sita: m, u, i, a, sh, s. Kipimo hiki kiliachwa na Daniel Ling, bingwa wa elimu ya viziwi aliyefundisha Chuo Kikuu cha McGill, Kanada. Sauti hizo sita zimechaguliwa kwa makusudi, zikianzia zile nzito za chini hadi ule mkwaruzo mwembamba wa juu kabisa, na bahati nzuri zote zimo katika Kiswahili, kwa hiyo mtoto hatungiwi sauti ngeni. Mwalimu anaufunika mdomo kwa daftari, akiliweka mbali kidogo lisizuie sauti, ili mtoto asisome midomo. Tena hazitamki kwa mdundo. Atasema u, atanyamaza, atahesabu moyoni, aseme s, anyamaze kwa muda mrefu zaidi. Mtoto mjanja huushika mdundo upesi na kujibu bila kusikia, na mwalimu huyu anaujua ujanja huo wote.

Raundi ya kwanza hufanywa redio ikiwa imezimwa, kwa shimesikio tu, karibu. Ya pili hufanywa redio ikiwaka, mwalimu akiwa amesogea hadi ukutani. Hapo ndipo nilipouona ufundi wake waziwazi, kwa jinsi anavyoyasoma majibu. Mtoto akifaulu raundi ya kwanza akakwama ya pili, kasoro imo kwenye redio: maiki imezimwa, chaji imekwisha, au vifaa viwili havijaunganishwa. Akikwama zote mbili, mfumo wa redio hauna hatia. Angalia betri ya shimesikio, angalia nta kwenye kipande cha sikioni, angalia unyevu ndani ya mrija wake, mwangalie mtoto mwenyewe kama sikio linatoa usaha. Akisikia m na u lakini s imepotea, huenda njia imeziba kidogo tu, kiasi cha kuzila sauti nyembamba na kuziacha nene. Baadaye anaisikiliza shimesikio kwa masikio yake mwenyewe, kwa mrija wa kusikilizia unaofanana na wa daktari, nguvu ikiwa imeshushwa kwanza. Hilo halisahau kamwe. Kifaa kilichopangwa kwa ajili ya upungufu mkubwa wa usikivu kinaweza kuliumiza sikio zima, na kwa sababu hiyo hiyo mwanafunzi anayesikia haruhusiwi kukijaribu kwa mchezo.

Kuivaa maiki nako kuna adabu yake. Mwalimu anafunga ushungi, hivyo anaibana maiki juu ya kitambaa, kamwe si chini yake, kichwa chake kikielekea mdomoni. Mkufu unavuliwa au unasogezwa. Kamba ya kitambulisho inahamia mfukoni. Mguso ambao sisi hatuusikii, maiki huusikia kama radi, kisha humpelekea mtoto radi hiyo juu ya kila neno. Ikining'inia tumboni, umbali umeongezeka maradufu na zaidi, na faida iliyotafutwa inayeyuka. Akigeuka kuandika ubaoni, bado anasikika, lakini haongei akiwa amegeuka. Uso wake ni sehemu ya somo. Mikono yake pia, maana yeye hufundisha kwa Lugha ya Alama huku maiki ikiwa kifuani. Wapo watoto katika kitengo kile ambao redio haiwaongezei kitu, na hajawahi kuwafanya wajione wamekosa jambo.

Kisha kuna kuzima. Naliona hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu linadai kumbukumbu siku nzima. Akimwinamia mwanafunzi mmoja kumsahihishia daftari, anazima, la sivyo mtoto wa dawati la nyuma atasukumiwa sikioni mazungumzo yasiyomhusu wakati anajaribu kufanya hesabu. Akitoka kwenda ofisini, anazima. Redio za FM za kawaida hazifichi kitu, na yeyote mwenye kipokeaji cha masafa yale yale husikia. Ndiyo sababu mahakama na kumbi zenye mambo ya siri huchagua mifumo ya mwanga wa infraredi, ambao haupenyi ukuta. Madarasa mawili jirani nayo lazima yapewe chaneli tofauti, asije mtoto wa darasa la tatu akafundishwa jiografia ya darasa la sita. Vifaa vipya vya kidijiti vinavyotumia gigahezi 2.4 hurukaruka masafa vyenyewe na huunganishwa kwa kubonyeza kitufe. Kazi ya chaneli imekwisha hapo, lakini kazi ya kuzima imebaki pale pale.

Kuhusu nguvu ya sauti, mwalimu hapangi kwa kukisia. Mtaalamu wa usikivu huiweka shimesikio kwenye kisanduku cha kupimia na kuipa sauti ya desibeli 65, kisha huipa maikrofoni ya redio sauti ile ile, na kulinganisha kinachotoka. Tofauti isizidi desibeli 2 hivi. Maana yake redio isiwe kali kuliko shimesikio wala isififie, ila ilete sauti safi katika kiwango ambacho sikio lilikwisha kupimiwa. Kwa vifaa vya kuvaa kichwani ambavyo mtu hujirekebishia mwenyewe, Shirika la Afya Duniani limetaja mpaka: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na 75 kwa mtoto. Mwalimu pia huiacha maikrofoni ya shimesikio ikifanya kazi sambamba na redio, ili mtoto amsikie jirani yake na ajisikie mwenyewe. Kengele ya kutoka ikilia, redio zinakusanywa. Mtoto anayevuka barabara anahitaji kusikia bodaboda, si mwalimu.

Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, na vyote viwili vinakula vifaa. Jioni shimesikio hulala ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana, pamoja na punje za silika, betri zikiwa zimetolewa kwanza. Betri ya zinki huamshwa na hewa: ukibandua kibandiko chake, iache dakika chache kabla ya kuifunga ndani, nayo itadumu zaidi. Zilizokwisha anazihesabu na kuzifungia kabatini. Betri ya kitufe ikimezwa na mtoto mdogo yaweza kumuunguza koo, na zile za lithiamu hufanya hivyo kwa kasi ya kutisha, ndani ya saa 2. Hapo hakuna kusubiri, ni hospitali mara moja.

Kazi hii ina ndugu wakubwa ng'ambo. Mwaka 1937 Joseph Poliakoff alipata hataza Uingereza kwa wazo la kuipeleka sauti kwa usumaku, na hadi leo teksi nyeusi za London, makanisa na madirisha ya kukatia tiketi yana vitanzi vya waya vinavyozungumza moja kwa moja na koili iliyomo ndani ya shimesikio. Fundi wa huko hutembea ukumbi mzima na kipimo mkononi, kwenye kimo cha sikio la aliyeketi na la aliyesimama, akitafuta kona ambayo usumaku umefifia au nyaya za umeme zinavuma. Alama ya sikio mlangoni haimtoshi. Nadhani wangeelewana upesi na mwalimu wetu.

Maana yeye naye haamini taa ya kijani. Taa inasema umeme upo tu. Anayeweza kusema kama maneno yanafika ni mtoto, kwa hiyo amewafundisha watoto kulalamika. Mwanafunzi wa darasa la kwanza hujifunza kuinua mkono akisema hasikii; wa darasa la nne anatarajiwa kusema kwa nini. Mwanafunzi mwenzake akijibu swali, mwenye kipokeaji ana haki ya kudai maiki ipelekwe kwa anayejibu, au mwalimu alirudie jibu. Katikati ya somo la sehemu niliona mkono ukiinuka nyuma kabisa. “Mwalimu, shikamoo, ushungi unakwaruza.” Aliitikia marahaba, akaisogeza maiki upande wa kulia, akamuuliza kama sasa ni sawa, na alipojibiwa bado kidogo, akaisogeza tena.