Kibanda cha Kyerwa na Majumba ya London

Katika mwaka 1927, mwanamke wa Kiingereza mwenye umri wa miaka kama 25 aliketi ndani ya kibanda cha mabingobingo huko Kyerwa, katika nchi ya Karagwe, akatunga hadithi ya makabaila wa London. Mwanamke huyo ni Georgette Heyer, aliyemfuata mumewe, Ronald Rougier, mhandisi wa madini aliyekuja Tanganyika kutafuta bati. Hadithi yenyewe, The Masqueraders, ilipigwa chapa mwaka 1928. Ndani yake hamna bati wala bingobingo. Mna magari ya farasi, nywele za bandia zilizopakwa poda, meza za kamari, na mazungumzo yenye makali ya wembe uliofungwa katika hariri.

Kwamba mtungaji aliandika habari za mbali si ajabu; watungaji wengi wamefanya hivyo. Wala haikuwa kazi nyepesi, kwa maana mambo yake ni ya mwaka 1746, baada ya uasi ulioshindwa wa wafuasi wa ukoo wa Stuart, na maktaba yake aliiacha ng'ambo ya bahari. Ajabu iko kwingine. Hadithi yote ni habari ya cheo: nani mwungwana, nani si mwungwana, na kwa dalili gani atajulikana. Na mahali ilipotungiwa palikuwa na waungwana wake. Karagwe ilikuwa na jumba la kifalme la Rumanyika, ambalo Speke alikaribishwa mwaka 1861. Mtu akishuka kusini kutoka huko, akapita Bushubi na Buyungu, atafika Muhambwe, iliko Kitahana. Na akizidi kwenda atafika Heru ya Kasulu. Nchi zote hizo zilikuwa na wami, watwale, ng'ombe wa heshima, na salamu ambazo urefu wake hupimwa kwa daraja ya mwenye kusalimiwa. Msomaji wa Kitahana afunguapo kitabu hiki huona nguo ngeni, lakini mchezo unaochezwa ndani ya nguo hizo haumpigi chenga.

Mchezo ni huu. Ndugu wawili, Prudence na Robin, wanaingia London wakiwa wamebadilishana jinsia. Prudence, aliye mrefu, amevaa suruali na upanga na kuitwa Peter. Robin, aliye mdogo wa umbo, amevaa gauni na kuitwa Kate. Baba yao, mzee mwenye majivuno yasiyo na kifani, amewaleta katika hatari hiyo, naye mwenyewe anatokea akidai kuwa ndiye mrithi aliyepotea wa Barham, mwenye jina kubwa na mali. Watu wa mjini hawatambui hila. Anayetambua ni mmoja, Sir Anthony Fanshawe, mtu mzito wa mwili na mwenye macho ya usingizi, ambaye wote humdhania mvivu wa akili. Anagundua siri ya Prudence kwa sababu anampenda, na anampenda kabla hajajua sawasawa anampenda nani.

Hapo ndipo ustadi wa Heyer ulipo. Hacheki kwa vioja. Hucheka kwa adabu. Watu wake husema neno la heshima na kumaanisha jingine, na aliyekusudiwa hulipokea kwa kuinamisha kichwa, akarudisha la kwake. Mswahili wa pwani angekiita kijembe. Katika nyanda za Buha mzee angelisema hilo kwa mzunguko wa maneno juu ya chungu cha pombe, na asiyehusika asingejua kuwa mtu amepigwa.

Mfasiri wa kitabu hiki, akipatikana, angekutana na bahati asiyoitarajia. Kiingereza humlazimisha mtungaji kila mara amtaje mtu kuwa mume au mke, hata katika neno dogo la kumrejea. Kwa hiyo Heyer hana budi kuchagua: ama aseme uongo pamoja na wahusika wake, ama afichue. Kiswahili hakina dhiki hiyo. Aliingia, akaketi, akatabasamu: hapana ajuaye kama ni Peter au Prudence. Lugha yenyewe ingekuwa mshiriki wa hila. Taabu ya mfasiri ingekuwa katika vyeo. Maana akisema Bwana kwa kila mmoja, ngazi yote inayochekesha itakuwa uwanja tambarare.

Lakini kicheko cha hadithi hii kina mpaka wake, nao unastahili kusemwa bila kupaka mafuta. Kurasa nyingi zinathibitisha kwamba uungwana ni mavazi, mwendo na ulimi: anayejua kuvivaa huaminiwa. Hilo ni wazo kali, lenye kuweza kubomoa jumba zima la ukabaila. Mtungaji alifika mlangoni pa wazo hilo, kisha akarudi nyuma. Mwishoni yule mzee mwongo anadhihirika kuwa hakusema uongo katika dai lake kubwa: yeye ni mrithi wa Barham kweli, kwa damu na kwa ushahidi. Watoto waliojigeuza walikuwa waungwana tangu mwanzo. Hila haikumdanganya mtu juu ya cheo. Ilidanganya juu ya nguo tu. Msomaji aliyecheka na wenye kujigeuza anaambiwa kwa upole kwamba nasaba ilikuwa na haki siku zote.

Yafaa kukumbuka yaliyokuwa yakitendeka nje ya kibanda. Gavana Donald Cameron alikuwa amefika Tanganyika mwaka 1925, na Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ilitoka mwaka 1926. Maofisa wa Kiingereza walikaa na wazee wakiuliza nani ni mwana wa nani, na nani ana haki ya kiti kwa damu, ili atawale kwa niaba ya serikali. Dai la Barham lilikuwa likisikilizwa wilaya kwa wilaya. Katika Buha, iliyotoka mikononi mwa Wabelgiji mwaka 1921, jibu lilikuwa na uzito wake. Chini ya utaratibu wa ubugabire, Mha aliyepokea ng'ombe kwa Mtusi alikuwa na deni la utumishi. Na chini ya kodi ya serikali, vijana wa Kibondo na Kasulu walikwenda mashamba ya mkonge kuwa manamba. Kwao nasaba ya bwana haikuwa fumbo la kupendeza la sura ya mwisho. Na juu ya mwanamke aliyehitaji suruali ili apate kusikilizwa, Buha ilikuwa na jibu jingine: katika miaka ya 1940 Heru ilimsimika Theresa Ntare kuwa mwami, naye alitawala kwa jina lake mwenyewe. Utawala wa machifu ulifutwa Tanganyika mwaka 1963.

Kasoro hiyo haikupona kwa umri. Katika The Grand Sophy ya mwaka 1950, ambayo kwa mazungumzo ni miongoni mwa kazi zake bora, yumo mkopeshaji wa Kiyahudi aliyechorwa kwa dharau tupu. Ukurasa huo ni wa mwenye kuamini kwamba damu hueleza tabia. Alipoandika A Civil Contract, mwaka 1961, alijitahidi zaidi: kabaila aliyefilisika anaoa binti wa tajiri asiye na ukoo, na mtungaji anamtendea haki binti huyo kuliko anavyotendewa na mumewe. Kitabu hicho hakichekeshi sana. Huenda ndicho cha kweli kuliko vyote.

Kuhusu Tanganyika yenyewe, Heyer aliandika makala, iliyotoka mwaka 1929 katika gazeti la The Sphere. Aliipa jina la The Horned Beast of Africa, nayo inahusu kifaru.