Kazi ya Muda wa Kuibia

Mhunzi anayeyeyusha chuma hana ruhusa ya kuinuka. Tanuri likishawashwa, mivukuto hupulizwa mfululizo, na atakayetoka kwenda kuchungulia migomba yake atarudi akute bonge lisilofaa hata kwa jembe. Kagera inalijua hilo tangu zamani sana. Huko Buhaya, wanaakiolojia wakiongozwa na Peter Schmidt walifukua mabaki ya tanuri zenye umri wa karibu miaka 2,000, na mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery wakaandika katika jarida la Science juu ya joto kali ambalo mafundi wale waliweza kulifikia. Karagwe nayo ilikuwa na wahunzi wake. Msafiri Mwingereza Speke alipofika kwa mtawala Rumanyika, Novemba 1861, na msafiri mwingine, Stanley, alipopita mwaka 1876, kilichowavutia katika hazina ya mfalme kilikuwa chuma: mikuki, sanamu za ng'ombe, vitu vya fahari visivyolima wala kukata.

Wageni hao walikaribishwa, wakakalishwa, wakalazwa. Mwenzake Speke, Grant, aliachwa Karagwe miezi kadhaa kwa sababu ya kidonda cha mguu. Mtu aliyelala muda mrefu hivyo anaifahamu sakafu ya mwenyeji wake. Hata hivyo, sifa za Karagwe zilizoenea Ulaya zilikuwa za chuma na za ng'ombe, kana kwamba kilichotandikwa chini kilijileta chenyewe.

Leo tanuri zile zimezimika, na mkeka bado unasukwa. Sababu moja ni kwamba mkeka unakubali kukatizwa. Ni kazi ya mtu asiye na siku nzima ya kwake, na mtu huyo, katika vijiji vinavyoizunguka Nyakahanga, karibu kila mara ni mwanamke.

Nyakahanga iko jirani na mji wa Kayanga, katika wilaya ya Karagwe, ambayo mwaka 2012 ilimegwa ikazaa wilaya ya Kyerwa. Ni nchi ya migomba, maharage na kahawa ya robusta, na ya hospitali ya Walutheri inayopokea wagonjwa kutoka mbali. Anayemuuguza mtu hospitalini anajua siku yake inavyokatikakatika: kupika uji, kufua, kungoja daktari, kungoja dawa, kungoja tu. Nyumbani hali haitofautiani sana. Mgomba hauna msimu wa kupumzika, kahawa iliyoanikwa inataka kugeuzwa na kuokolewa mvua inapotishia, mtoto analia, jirani anabisha hodi. Kinachobaki ni robo saa hapa, nusu saa pale. Hakuna anayejenga nyumba kwa vipande vya muda kama hivyo, lakini mkeka unatoka.

Unatokaje? Mkindu huota mabondeni, kando ya mito na kwenye ardhi yenye majimaji. Kinachotafutwa ni kuti changa la katikati ambalo halijafunguka, maana hapo majani bado ni laini na yana weupe. Kuti likikomaa linakuwa gumu, na sehemu yake ya chini ina miiba inayoweza kumharibia msusi mkono wake wa kazi. Majani hutenganishwa, yakaanikwa juani mpaka yapauke, kisha yakachanwa kwa ukucha au kwa ncha ya kisu yalingane upana. Yatakayotiwa rangi huchemshwa sufuriani pamoja na rangi ya unga ya dukani, nyekundu, kijani au zambarau. Kuanika ndiko pekee kunakodai jua, kwa hiyo huenda vizuri zaidi katikati ya mwaka, mvua za masika zikishakoma na za vuli hazijaanza. Yaliyobaki hufanyika wakati wowote.

Na hapa mtu asiyesuka hukosea. Akiambiwa mkeka, humuona mwanamke ameinama juu ya kitu kipana kinachokua pande zote. Kumbe mikononi mwake hana mkeka. Ana ukili, yaani utepe mwembamba wa vidole vichache, ambao ndio unaosukwa pima baada ya pima. Jani lililoloweshwa kidogo, kwa sababu ukindu mkavu hukatika, linapita juu ya wenzake, linafika ukingoni, linakunjwa kwa dole gumba na kurudi kwa mshazari likipita chini. Likikaribia kwisha, jipya hupachikwa juu ya mkia wake, na mshono hauonekani. Macho hayahitajiki sana. Msusi mzoefu huangalia njiani, huzungumza, hukemea mbuzi, na dole gumba linajua zamu ni ya nani. Akiitwa, hufunga ncha kwa jani moja, akauviringa ukili, akauweka juu ya kabati. Unaweza kukaa hapo wiki mbili. Akiurudia hahitaji kukumbuka alikuwa anawaza nini, kwani mahali alipoachia panajieleza penyewe.

Kili zikitosha, ndipo hushonwa ubavu kwa ubavu kwa uzi wa ukindu, na mkeka ukaanza kuonekana. Nakshi nazo zinafika hapo kwa mara ya kwanza. Mistari ya pembe na miraba iliyosukwa katika utepe mmoja lazima ikutane na ya utepe wa jirani, na kama haikukutana, kila mgeni atakayeketi ataona. Hakuna karatasi ya mchoro. Hesabu ya mkeka mzima iko kichwani kabla ya ukili wa kwanza kwisha, na imekaa humo miezi yote ambayo mwenye kichwa alikuwa akikatizwa. Watu husifu vidole vya wasusi. Kichwa ndicho kinachostahili sifa zaidi.

Ukiingia sebuleni katika nyumba hizohizo utakuta ndugu mdogo wa kazi hii. Makochi yamevishwa vitambaa vya kufuma, meza ina chake, runinga nayo ina chake. Ni kazi ya uzi, wa pamba au wa sufu, na kijisindano chenye ndoana nchani, ambacho wasio na pesa ya duka wamekuwa wakikitengeneza kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa na kupindwa. Wajuzi wa mitindo ya mjini huvicheka vitambaa hivi, na kweli kuna sebule ambamo mgeni hajui akae wapi bila kuangusha kimoja. Lakini ukiangalia ufundi wenyewe utaona busara ileile. Anayefuma sweta kwa sindano mbili ana macho mengi yaliyo wazi kwa wakati mmoja. Likichomoka moja, yaliyo chini yake hufumuka moja baada ya jingine. Anayefuma kwa ndoana ana kitanzi kimoja tu kilicho hai. Akikirefusha kidogo na kukiacha, anaweza kwenda kumwagilia bustani na kurudi.

Ndoana hiyohiyo, mbali sana na Kagera, iliwapa watu mazulia. Katika pwani ya mashariki ya Marekani na Kanada, karne ya 19, wanawake wa wakulima na wavuvi walianza kuyapasua magunia ya nafaka, kuyawamba kwenye fremu ya mbao na kuvuta kupitia matundu yake vipande vya nguo za sufu zilizochakaa. Mkono mmoja hushika kipande chini ya gunia, mwingine huingiza ndoana kutoka juu na kukivuta kama kitanzi. Tundu linalofuata, kitanzi kingine. Hakuna fundo hata moja. Vitanzi husongamana kiasi kwamba kila kimoja hubanwa na wenzake na gunia likavishikilia vyote. Kwa hiyo zulia hili lina kitanzi hai sifuri, na ukiliacha katikati ya waridi, waridi litakungoja.

Mwaka 1868 mchuuzi mmoja wa Biddeford, Maine, Edward Sands Frost, alipata wazo la kukata mabati yawe vielelezo vya kuchapia michoro juu ya magunia na kuyauza yakiwa tayari. Biashara ikamwendea vizuri. Simba na mashada ya maua yakatapakaa kwenye sakafu za nyumba zisizojuana, na wengi wakaacha kuchora wenyewe. Frost aliwapunguzia wanawake sehemu ya kazi iliyokuwa inawasumbua. Bahati mbaya, ndiyo sehemu iliyokuwa yao.

Kisa cha Labrador, kwenye pwani hiyohiyo ya Kanada, kingeeleweka haraka zaidi Nyakahanga. Mwaka 1892 daktari Mwingereza, Wilfred Grenfell, alifika katika pwani ile ya baridi kali kuwatibu wavuvi, na kazi yake ikazaa hospitali za kimisheni, kubwa ikiwa St. Anthony. Wanawake wa pwani hiyo walikuwa tayari na msimu wao wa mazulia: miezi ya mwisho ya majira ya baridi, bahari imeganda na samaki hawajarudi. Mwaka 1906 Mmarekani aitwaye Jessie Luther alianza kupanga kazi za mikono chini ya misheni, na mazulia hayo yakawa chanzo cha kipato. Wahisani waliombwa wapeleke soksi za hariri zilizotoboka, zikakatwa nyuzi na kutiwa rangi. Kitanzi kiliingia katika kila tundu la gunia, safu moja baada ya nyingine, mpaka dubu wa barafu na ndege wa pwani wakatokea kwa ulaini wa picha ya brashi.

Lakini malipo yalileta maswali. Kule Chéticamp, kijiji cha Nova Scotia, Mmarekani Lillian Burke aliwapa wanawake miundo na kuwatafutia soko la mbali tangu miaka ya 1920. Katika miaka ya 1930 baadhi yao walichoka na kiasi kilichokuwa kikiwafikia, wakaamua kuuza wenyewe. Kijiji hicho ndicho kilichomtoa Elizabeth LeFort, aliyechora kwa sufu na ndoana sura za watu mashuhuri, akiwamo Rais Eisenhower. Ni ufundi wa kustaajabisha, ingawa sura ya rais chini ya miguu ni jambo la aibu, na ndiyo maana kazi zake zilipandishwa ukutani.

Msusi wa Karagwe analijua suala hilo la pesa bila kusimuliwa habari za Chéticamp. Mkeka wa ukindu sokoni unashindana na mkeka wa plastiki uliotoka kiwandani, mwepesi, wenye rangi kali, unaofutwa kwa kitambaa kibichi. Mnunuzi akitaja bei, anahesabu majani na rangi. Saa hazihesabu. Nani angezihesabu, ikiwa hata mwenye mkeka alizipata kwa kuibia, kati ya chungu kinachochemka na mgonjwa anayeamka? Ndiyo sababu mikeka mingi mizuri haifiki sokoni kabisa. Hutandikwa wageni wanapokuja, hupewa binti anayeolewa, hutolewa msibani ambako watu watakaa siku kadhaa na viti havitoshi. Huko thamani yake haina mjadala.

Kinachoutishia zaidi ya plastiki ni bonde. Maeneo ya majimaji yakigeuzwa mashamba, mikindu hung'olewa, na msusi hulazimika kutembea mbali zaidi au kununua ukindu aliozoea kuukata bure. Safari ya nusu siku haiibiwi kati ya kazi mbili.

Mkeka ukitumika huanza kufa pindoni, mahali visigino vinapokanyaga kila aingiaye, na baadaye katika utepe ulio mbele ya mlango. Haulazimiki kutupwa. Uzi unaoushika ukili ule hukatwa kwa kisu, utepe uliochakaa huchomolewa, na mpya hushonwa mahali pake. Rangi mara nyingi haifanani, kwa sababu paketi ya mwaka huu si ya miaka kumi iliyopita, na nyekundu mbichi inakaa kando ya nyekundu iliyofifia. Mwenye nyumba anayejali sana hilo huutandika mkeka upande wa pili. Wengine hutandika hivyohivyo.