Leza Juu ya Kidonda cha Moto: Kinachonunuliwa ni Siku

Abiria akishukia upande wa kulia wa pikipiki bila kuangalia, ekzosi humpata kwenye shavu la mguu. Gikondo, hapa Kigali, ambako abamotari, waendesha pikipiki za abiria, wanapanda na kushuka mlima kutwa nzima, alama hiyo si ngeni. Kidonda chake kikiwa cha juu juu hakimsumbui daktari, na kikiwa kimekula ngozi yote hakimsumbui pia, maana uamuzi uko wazi. Shida iko kwa kile cha katikati. Je, kitaziba chenyewe ndani ya wiki tatu? Kikizidi hapo, hatari ya kovu nene linalovuta ngozi hupanda, na ingekuwa heri kukipandikiza ngozi mapema. Lakini ukipandikiza kwa pupa, umemchuna mtu paja bure.

Macho na kidole ndivyo vyombo vya kawaida vya kujibu swali hilo. Unabonyeza, unaachia, unatazama kama rangi inarudi. Kinachotafutwa ni uhai wa mishipa midogo chini ya kidonda, kwa sababu palipo na damu inayotembea ndipo ngozi mpya huota. Leza ya Dopla inatafuta kitu hichohicho, ila haikisii.

Kazi yake ni hivi. Mwale dhaifu wa leza huingia kwenye ngozi kiasi cha milimita moja hivi. Sehemu kubwa ya mwanga hugonga nyama iliyotulia na kurudi ilivyokwenda. Sehemu ndogo hugonga seli nyekundu za damu zilizo mwendoni, ikarudi na masafa yaliyobadilika kidogo mno, jambo ambalo Christian Doppler alilieleza mwaka 1842. Masafa ya mwanga mwekundu ni mamia ya trilioni ya mitetemo kwa sekunde, na mabadiliko yenyewe ni elfu chache tu, kwa kuwa damu ya kapilari hutembea milimita moja kwa sekunde au chini ya hapo. Hakuna chombo cha kuyaona moja kwa moja mabadiliko madogo hivyo. Basi mianga miwili, uliobadilika na usiobadilika, huachwa ikutane kwenye kipokezi, nayo hupigana na kutoa mdundo wa masafa ya chini, yale ambayo hata sikio la mtu lingeyasikia kama yangekuwa sauti. Michael Stern alionyesha mwaka 1975 kwamba hilo linawezekana kwa mtu hai. Kilichobaki kilikuwa kelele za leza yenyewe, na mwaka 1980 Nilsson, Tenland na Öberg wa Linköping, Sweden, walizipunguza kwa kuweka vipokezi viwili na kuziondoa zile zinazosikika kwa pamoja.

Hapo ndipo wengi walipotegemea makubwa kuliko yaliyokuwepo. Namba inayotoka ni wingi wa seli zinazotembea ukizidishwa kwa kasi yake. Si mililita za damu. Haina kizio cha kweli, na inapanda na kushuka kwa baridi, kahawa, sigara na hofu. Kwa miaka mingi watafiti waliifurahia huku wodi zikiiangalia kwa mbali, na mimi nasema wodi zilikuwa na haki. Mashine iliingia katika tiba pale swali lilipobanwa: badala ya kuuliza damu ni kiasi gani, madaktari wa majeraha ya moto wakauliza, kidonda hiki kitapona kabla ya siku 21 au la?

Jibu zuri kuliko yote ninayoyajua lilitoka Ghent, Ubelgiji, mwaka 2009. Hoeksema na wenzake waliwapima wagonjwa 40 kwa leza inayopita juu ya kidonda bila kukigusa na kuchora ramani ya rangi, nyekundu penye damu nyingi, buluu penye damu kidogo. Siku ya ajali mashine ilipatia asilimia 54 tu, karibu na kurusha sarafu. Siku ya tatu ilifika 95, ya tano 97. Madaktari kwa macho yao walipata takriban 53 siku ya tatu na 71 siku ya tano. Siku ya nane wote wawili walipata 100.

Soma namba hizo polepole. Siku ya ajali mashine haina la kusema, kwa sababu kidonda chenyewe hakijaamua. Pembezoni mwake damu inaweza kusimama au kurudi kwa saa 48 hivi. Siku ya nane haina faida, maana jicho limeshaifikia. Kinachonunuliwa ni zile siku za katikati. Uingereza ilipoipitisha teknolojia hii mwaka 2011, nayo iliielekeza kwa vidonda ambavyo kina chake bado kina utata.

Kupima kuna adabu zake. Krimu nyeupe ya fedha inayopakwa katika hospitali nyingi lazima ioshwe kabisa, la sivyo leza inapima krimu. Mtoto aliyemwagikiwa uji hatatulia. Akitikisika, mtikisiko unasomeka kama damu, na kidonda kilichokufa kinatokea chekundu. Ukingo wa mguu unaojipinda huonekana buluu kwa sababu tu mwanga haurudi. Na ngozi yetu nyeusi? Melanini humeza mwanga, lakini hesabu hugawa mdundo kwa jumla ya mwanga uliorudi, na leza ya infraredi humezwa kidogo kuliko nyekundu. Hilo linasaidia bila kumaliza: mwanga ukiwa haba, kelele huzidi.

Kuna matumizi ya pili, nayo nayapendelea kwa kliniki ndogo. Kwa mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda mguuni, presha ya kifundo hudanganya, maana mishipa iliyogeuka migumu haikubali kubanwa na mkanda. Vidole vya mguu hudanganya mara chache. Unafunga mkanda mdogo kwenye kidole gumba, unabandika kipokezi cha leza mbele yake, unajaza hewa hadi damu inyamaze, unaachia taratibu. Presha inayoirudisha damu ndiyo jibu, kwa milimita za zebaki, kizio ambacho kila muuguzi anakijua. Chini ya 30, mgonjwa apelekwe kwa wataalamu wa mishipa haraka. Ila miguu ipashwe joto kwanza. Asubuhi ya Julai hapa Kigali, kwenye kimo cha mita 1,500 na ushei, kidole baridi kinaweza kumpa mtu mwenye afya ugonjwa asio nao.

Sasa rudi kwa aliyeungua. Mwenye mituweli, bima ya afya ya jamii, huanzia kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha rufaa, kila hatua na karatasi yake. Akifika kwenye wodi ya majeraha ya moto siku ya tisa, leza ya bei yoyote haina cha kumwongezea daktari. Akifika siku ya tatu, lakini karatasi inasema tu "ameungua", daktari hajui kama ramani iliyo mbele yake ni ile ya asilimia 54 au ya 95. Tarehe na saa ya kuungua iandikwe pale pale kituoni, na yule aliyemwosha kidonda mara ya kwanza.