Vitabu Vilivyoiandika Sheria Isiyoandikwa

Wapo wanasheria wetu ambao wakitaka kuitaja komonlo ya Waingereza kwa Kiswahili huiita "sheria isiyoandikwa". Jina hilo lina ukweli wake. Sheria hiyo haikutungwa na bunge, wala haikukusanywa katika vitabu vya kanuni kama zile za Ubelgiji ambazo jirani zetu wa Rwanda, Burundi na Kongo walizirithi. Ilikua kutokana na maamuzi ya majaji, kesi moja baada ya nyingine. Lakini mwalimu wa lugha akilisikia jina hilo hana budi kuuliza: kama haikuandikwa, ilifundishwaje? Na iliwezaje kuvuka bahari hadi Kampala?

Ukweli ni kwamba iliandikwa, tena mapema. Walioiandika hawakuwa watunga sheria bali watu waliotaka kuifafanua. Makala haya yanavitazama baadhi ya vitabu vyao vya mwanzo kwa jicho la mhakiki wa maandishi. Dai letu ni kwamba nguvu ya vitabu hivyo ilitokana na kazi ya lugha: kuyapa mambo majina, kuyapanga na kumwongoza asiyejua. Cheo cha mwandishi kilisaidia, lakini si cheo kilichovidumisha.

Suala hili si la Waingereza peke yao. Uganda iliipokea sheria ya Kiingereza kwa amri ya kikoloni iliyoweka tarehe 11 Agosti 1902 kuwa siku ya mapokezi. Kwa Kenya siku hiyo ni 12 Agosti 1897, na kwa Tanganyika ni 22 Julai 1920. Tulichopokea siku hizo kilikuwa kimekwisha kupita mikononi mwa waandishi tunaowazungumzia hapa.

Wa kwanza ni yule anayejulikana kwa jina la Glanvill. Kitabu chake, kilichoandikwa kwa Kilatini kati ya mwaka 1187 na 1189 hivi, kilihusishwa na Ranulf de Glanvill, jaji mkuu wa Mfalme Henry wa Pili, ingawa wataalamu wengi wanatilia shaka kwamba ndiye aliyeshika kalamu. Katika dibaji mwandishi anasema jambo la ajabu kidogo: kwamba sheria za Uingereza, japokuwa hazikuandikwa, zinastahili kuitwa sheria. Yaani hoja ya "sheria isiyoandikwa" tunaikuta ndani ya maandishi! Anakiri pia kwamba kuziandika zote haiwezekani. Kisha anatoa maelezo ambayo kila mwalimu wa uandishi angependa kuyasikia: kwamba amechagua kwa makusudi mtindo wa kawaida na maneno yanayotumika mahakamani, ili aeleweke na wale wanaofanya kazi hiyo.

Aliitimiza ahadi hiyo. Kitabu kinafuata hati za mfalme, zile amri fupi ambazo bila kuwa nazo mtu hakuweza kufungua shauri katika mahakama ya mfalme. Mwandishi anaweka hati, anaeleza inafaa kwa dai gani, mdaiwa asipofika hufanywa nini, kisha anapita kwenye nyingine. Si kitabu cha falsafa. Ni kitabu cha karani. Hata hivyo, kwa kuzipanga hati hizo kilifanya mazoea ya ofisi yaonekane kuwa mfumo. Karne ya 14 Waskoti walikichukua, wakakitumia kama msingi wa kitabu chao cha sheria kiitwacho Regiam Majestatem, ingawa walikuwa na mfalme wao.

Kitabu cha pili, nacho cha Kilatini, ni kikubwa zaidi kwa kila hali, na kina kasoro nyingi zaidi. Kinabeba jina la Bracton, yaani jaji Henry wa Bratton aliyefariki mwaka 1268. Samuel Thorne, mhariri wake wa karne ya 20, alionyesha kwamba sehemu kubwa yaelekea iliandikwa na watu waliomtangulia, naye Bratton akaiendeleza. Hakikumalizika. Mahali pengine kinajipinga. Mpangilio wake na baadhi ya mawazo yake vimeazimwa kutoka sheria ya Kirumi, hasa kwa mwalimu Azo wa Bologna, na mkopo huo haukushonwa vizuri kila mahali. Kwa upande mwingine, kinanukuu kesi 500 hivi kutoka kumbukumbu za mahakama, jambo ambalo halikuwa limefanywa na mwandishi wa Kiingereza kabla yake.

Mhakiki wa haraka angesema kitabu cha namna hii kisingedumu. Nadhani mambo yalikuwa kinyume: kilidumu kwa sababu kila zama ziliweza kupata ndani yake kilichozifaa. Chukua suala la mamlaka ya mfalme. Kitabu kinasema mfalme hayuko chini ya mtu yeyote, ila yuko chini ya Mungu na sheria. Mahali pengine, katika kifungu ambacho wengi huamini kuwa kilipachikwa baadaye, kinasema wakuu wa nchi wanaweza kumtia mfalme lijamu. Mwaka 1607, Jaji Edward Coke alipobishana na Mfalme James wa Kwanza kama mfalme anaweza kuketi na kuamua kesi mwenyewe, alimjibu kwa kauli ile ya kwanza. Habari hii tunaipata kwa Coke mwenyewe. Barua za watu wa wakati ule zinasimulia kwamba siku hiyo alijitupa chini akiomba radhi. Vyovyote iwavyo, iliyobaki ni habari iliyoandikwa. Na mwaka 1649, Mfalme Charles wa Kwanza aliposhtakiwa, John Bradshaw aliyeongoza mahakama hiyo naye alimtaja Bracton. Mtu aliyefariki karibu karne nne kabla alikuwa akitoa ushahidi katika kesi ya mfalme.

Mfano mwingine ni wa pipa la brandi, na kwangu una uzito kuliko ule wa wafalme. Bwana Bernard alikubali kuhamisha mapipa ya Bwana Coggs kutoka ghala moja hadi jingine. Hakulipwa chochote. Kwa uzembe pipa moja likapasuka na kinywaji kikamwagika. Je, mtu aliyejitolea bure anawajibika kulipa? Kesi iliamuliwa mwaka 1703. Jaji Mkuu Holt hakuona katika kesi za Kiingereza maelezo ya kutosha kuhusu mtu anayekabidhiwa mali ya mwenzake, akamgeukia Bracton, na kupitia kwake sheria ya Kirumi. Aligawa ukabidhi wa mali katika aina sita: kuweka tu, kuazima, kukodi, kuweka rehani na kadhalika, kila aina na kiwango chake cha uangalifu. Alikubali kwamba Bracton ni mwandishi wa kale, lakini akasema mafundisho yake yanaafikiana na akili na sheria za nchi nyingine. Bernard akaonekana anawajibika. Uamuzi huo ulikuja kuwa msingi wa sheria ya ukabidhi wa mali popote Waingereza walipotawala.

Hapa ndipo tunapoona vizuri athari ya kitabu. Holt hakufuata amri ya Bracton, maana Bracton hakuwa na amri ya kumpa. Alichopata ni mgawanyo na majina. Bila majina hayo kulikuwa na pipa lililopasuka tu.

Katika karne ya 15 tunakutana na Thomas Littleton, jaji aliyefariki mwaka 1481. Namwona kuwa mwandishi bora kuliko wote hawa. Kitabu chake kuhusu umiliki wa ardhi ni kifupi, kimeandikwa kwa kile Kifaransa cha mahakamani ambacho wanasheria wa Uingereza walikuwa wakikitumia, na kilipigwa chapa London mwaka 1481 au 1482, miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa vya sheria kuchapishwa nchini humo. Alimwandikia mwanawe Richard, na katika maandishi humwita "mwanangu". Msomaji anaisikia sauti ya mzazi anayefundisha: jambo linaelezwa, mfano unatolewa, kisha mfano unabadilishwa kidogo ili kuona kama jibu linabadilika. Maneno ya Kilatini ni machache, na majigambo hayapo. Mwishoni anamwonya kijana wake asidhani kwamba kila alichosoma humo ndiyo sheria; kitamsaidia tu kuzielewa hoja na sababu za sheria.

Onyo hilo halikusikilizwa. Mwaka 1628 Coke, yule yule aliyebishana na mfalme, alitoa ufafanuzi mkubwa juu ya kitabu hicho, akikisifu kama kazi kamilifu isiyo na mfano, na kwa zaidi ya karne mbili wanafunzi wa sheria walianza safari yao na Littleton akiwa katikati ya ukurasa na Coke akimzunguka pembezoni. Wasomaji wa pwani watautambua mpangilio huu mara moja, matini katikati na sherehe pembeni. Coke alikiacha Kifaransa cha Littleton jinsi kilivyo, akaweka tafsiri ya Kiingereza kando yake, na ufafanuzi wake akauandika kwa Kiingereza. Lazima tuseme pia kwamba Coke ni mwandishi mgumu. Hurukaruka, huleta asili za maneno zisizo za kweli, na mfano mmoja humpeleka kwenye mingine kumi. Thomas Jefferson akiwa kijana alimsoma kwa manung'uniko.

Lugha yenyewe ilikuwa na historia ndefu ya mvutano. Mwaka 1362 ilitungwa sheria ya kutaka mashauri yazungumzwe kwa Kiingereza kwa kuwa watu hawakukijua Kifaransa. Sheria hiyo iliandikwa kwa Kifaransa, na iliagiza kumbukumbu ziwekwe kwa Kilatini. Tukiacha kipindi kifupi cha jamhuri baada ya mwaka 1650, ilibidi kungoja hadi mwaka 1733 ndipo Kiingereza kikawa lugha ya kumbukumbu za mahakama kwa kudumu. Blackstone alipokuja kuchapisha juzuu zake nne kati ya mwaka 1765 na 1769, kwa Kiingereza laini cha mhadhiri, alikuta njia imekwisha kufyekwa.

Sisi hapa tuna kipimo chetu cha kulinganishia. Bratton akiwa hai, huko Sham aliishi Imamu an-Nawawi (1233–1277), mwandishi wa Minhaj at-Talibin. Kitabu hicho cha madhehebu ya Shafii kilitegemewa na makadhi wa pwani yetu, na tafsiri yake ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1914 ilitumiwa na majaji wa kikoloni walipoamua mashauri ya Waislamu. Nawawi hakuwa bunge, wala hakuwa mfalme. Hali kadhalika hapa ni kitabu cha mwalimu kilichogeuka kuwa kauli ya mwisho.

Ndiyo maana nina wasiwasi na namna tunavyolijadili suala la Kiswahili cha sheria katika idara zetu. Tanzania ilibadili sheria yake mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, baada ya miaka mingi ambapo, katika ngazi za juu ya Mahakama za Mwanzo, shauri liliweza kuzungumzwa kwa Kiswahili na kuandikwa kwa Kiingereza, hali isiyo mbali na ile ya mwaka 1362. Hapa Uganda Katiba imekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005, ingawa mahakama zetu bado ni za Kiingereza. Kila mjadala unapofunguliwa, wito ni mmoja: istilahi, istilahi! Tunatengeneza orodha zenye safu mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia.

Orodha hizo ni za lazima, lakini hazifanyi kazi aliyoifanya Littleton. Tuchukue neno amana. Msemaji wa Kiswahili analijua: ni kitu ulichokabidhiwa ukitunze na kukirudisha kilekile. Kwa mwanafiqhi, aliyepewa amana halipi kitu kikipotea bila uzembe wake. Kwa msomaji wa Holt ni moja tu ya zile aina sita. Sasa angalia benki. Fedha unazoweka nazo huitwa amana, na Tanzania ina Bodi ya Bima ya Amana. Lakini tangu kesi ya Foley dhidi ya Hill ya mwaka 1848, msimamo wa sheria ya Kiingereza ni kwamba fedha ukishaziweka zinakuwa mali ya benki, na benki inabaki kuwa mdaiwa wako. Si amana hata kidogo, ni mkopo. Mteja anayelisoma neno hilo katika fomu anaelewa jambo moja, na wakili wa benki anaelewa jingine. Kamusi haiwezi kuwapatanisha, kwa sababu kamusi inatoa neno bila kesi.

Kinachohitajika ni kurasa hamsini hivi za Kiswahili cha kawaida, zilizoandikwa na mwanasheria na mwalimu wa lugha wakiwa meza moja, zinazochukua pipa la Coggs, pikipiki iliyoachwa kwa fundi, gunia la mahindi lililowekwa ghalani kwa jirani na fedha zilizowekwa benki, na kueleza katika kila hali nani analipa na kwa nini. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaotafuta mada ya tafsiri wanaweza kuanza na hukumu ya Holt yenyewe. Ni ndefu, lakini Kiingereza chake si kigumu kama cha Coke.