Kitenzi Kilichomsahau Davis

Jioni moja hapa Ruring'u niliwatazama vijana wakicheza mpira wa kikapu kwenye uwanja wa saruji, ringi haina wavu. Timu moja ilikuwa imelemewa. Mchezo ukasimama, mmoja wao akasema: "Tubadilishane. Chukueni huyu mrefu, mtupe yule mwepesi." Neno hilo limenikaa moyoni, maana kurasa zetu za michezo hulitumia kwa nadra.

Tazama vitenzi wanavyovipenda wahariri mchezaji anapohama katikati ya msimu: atua, anaswa, arejea, amwaga wino. Vyote vina mtu mmoja tu. Mchezaji yuko mbele, klabu iko mwisho, kama stendi ya matatu anaposhukia abiria. "Atua" ni kitenzi kizuri, tumekiazima kwa ndege; lakini ndege kutua si kujenga kiota. "Amwaga wino" kinaishia mezani, kabla mpira haujadunda hata mara moja. Umbo la sentensi limeshatoa hukumu.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 2 Februari 2025, tuliamka na habari kwamba Luka Dončić ameondoka Dallas Mavericks kwenda Los Angeles Lakers, naye Anthony Davis ameshika njia ya Dallas. "Dončić atua Lakers" haina kosa la sarufi. Ila Davis hayumo. Sasa iandike kwa -ana: "Lakers na Dallas wabadilishana Dončić na Davis." Kiambishi hicho kinadai pande mbili, na kila upande unaonekana umepokea na umetoa. Hapo ndipo msomaji anauliza: nani atasimama chini ya ringi?

Jibu lilikuja Aprili. Lakers walimaliza msimu wa kawaida kwa ushindi 50 na vipigo 32, kisha Minnesota wakawatoa raundi ya kwanza, 4-1. Katika mchezo wa mwisho Rudy Gobert wa Minnesota peke yake alifunga pointi 27 na kunyakua ribaundi 24, palepale alipokuwa akisimama Davis. Dallas nao, waliocheza fainali mwaka 2024, walimaliza na ushindi 39 na vipigo 43. Davis aliwafungia 26 katika mchezo wake wa kwanza, akaumia kabla haujaisha.

Kwenye soka la jirani zetu, "arejea" ndicho kitenzi cha Clatous Chama, aliyetoka RS Berkane akarudi Simba Januari 2022. Kinabeba ahadi ya jana. Lakini mwenzake wa Simba, Luis Miquissone, alikuwa ameshakwenda Al Ahly, na msimu huo Yanga walitwaa ligi bila kupoteza mchezo. Kitenzi kilimrudisha Chama. Timu ya jana hakikuirudisha.

Sisemi mabadilishano hayafai kamwe. Februari 2004 Detroit walimpata Rasheed Wallace, na Juni wakawapiga Lakers 4-1 katika fainali. Kitenzi chake ni "kujaza": palikuwa na pengo kando ya Ben Wallace, akaliziba, na nguzo za timu zikabaki mahali pake. Usajili usioweza kuandikwa kwa kitenzi hicho mimi siuamini.

Mhariri, habari kama hii ikikufikia Februari ijayo, andika "wabadilishana", na umtaje anayeondoka.